Mstari wa Kibua Moja

Kabati lilianza kunuka Jumapili asubuhi, siku moja baada ya mashindano. Harufu yenyewe haikuwa kali: moshi wa kuni mbichi, na chini yake majani yaliyolowa siku nyingi. Constance Byukusenge alitoa mashuka, akayanusa moja moja, akayakunja tena na kuyarudisha. Ile kaye, daftari iliyofungwa kwa kitenge pale chini, hakuigusa. Alijua vizuri kwamba ndiyo inayonuka, lakini mtu mwenye hatia hukubali kunusa mashuka ya nyumba nzima kabla ya kunyoosha mkono mahali panapostahili. Akafunga kabati akaenda misa.

Constance alikuwa phoniste wa Burungu. Phonie ni ile redio ya kuongea kutoka kilima hadi kilima, inayokula batri ya gari na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili, na kule kwetu ndiyo inayobaki simu zikifa. Mnara wa simu wa upande wa Burungu ulikuwa umekufa tangu mwezi wa tatu. Basi mama akishindwa kujifungua, muuguzi Adelaïde alipanda mbio hadi nyumbani kwa Constance, Constance akaita Kitshanga kwenye hospitali, na gari likaja. Mashine ilikaa sebuleni kwake kwa sababu paa la kituo cha afya lilivuja.

Sauti yake ilijulikana. Watu wa Walikale ambao hawakuwahi kumwona walimtambua kwa neno la kwanza. Mume wake, Damien, mkulima wa maharage, hakuona haya kusimulia kwamba alimpenda kabla ya kumwona: alikuwa ameketi parokiani Kitshanga akisubiri mvua iishe, phonie ikasema "Bonjour Kitshanga, ni Burungu Mbili," jina lake la hewani, na yeye akauliza huyo ni mtoto wa nani. Hadi siku hizo, akitoka shambani, kitu cha kwanza alichotaka ni Constance amwite kutoka ndani, "Papa Umwali, umefika?" Umwali ni binti yao, ana miaka sita.

Mara moja kwa mwaka maphoniste hushindana. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kila mmoja anatafuta vituo vingi awezavyo. Sheria ni chache, na Papa Ngabo, mkubwa wao pale Kitshanga, huzisoma hewani kabla ya kuanza, hata kama kila mtu anazijua. Mtu mmoja, mashine moja. Nguvu isizidi wati mia moja. Kutuma mtu wa pikipiki akakuombee miito ni marufuku. Mwito ni kamili pale tu kila upande umesikia jina la mwenzake, umepewa namba yake, umeambiwa nguvu ya sauti yake kutoka moja hadi tisa, na umetamka "nimepokea". Nusu ya mwito haiandikwi. Mwishoni unazidisha idadi ya miito kwa idadi ya maeneo uliyofikia, unatangaza pointi zako kwa kinywa chako mwenyewe, na wenzako wanakuamini. Kaye hukusanywa baadaye, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukutwa na uongo.

Mwaka huu zawadi ilikuwa phonie mpya kwa kituo cha afya cha mshindi, na ile ya Burungu ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli na kutoa moshi ikiongea sana. Constance aliitaka kwa ajili ya wamama. Na tuseme ukweli wote, aliitaka pia kwa sababu Élie wa Masisi alikuwa amemshinda mara mbili mfululizo na kumcheka hewani watu wote wakisikia.

Siku ile ukungu haukuinuka. Kufika saa kumi kasorobo alikuwa na miito themanini na saba, akakosa eneo moja tu, Walikale. Vituo vya Walikale vilikuwa kimya tangu asubuhi. Constance aliita mpaka koo likakauka.

Sasa hapa ndipo ilipo kaye ya kabatini. Kibua Moja, katika Walikale, lilikuwa jina la hewani la Papa Symphorien Sebahire, mzee aliyemfundisha Constance kazi, mzee wa kukohoa mara mbili kabla ya kila sentensi. Wiki tatu nyuma mke wake, Mama Geneviève, alipita Burungu kwa miguu na godoro kichwani, amekimbia vita. Alimkabidhi Constance kaye ya mume wake.

"Muzee alikufia mu njia," alisema. "Tulimuzika mu pori. Ambia benzako bafunge jina yake, dada yangu. Usiache ikae wazi."

Kwa maphoniste jina la marehemu hufungwa. Anapigwa mstari chini ya mwito wake wa mwisho, anaitwa hewani mara tatu, haitiki, kisha kila kituo kinasema "imefungwa", na kwa siku tatu hakuna anayeongea isipokuwa kwa mgonjwa. Constance alilia kwa kweli usiku ule. Lakini siku tatu za kimya zingesogeza mashindano, na mgeni aliyeleta zawadi alikuwa anaondoka. Akasema moyoni, nitawaambia baada ya mashindano. Hakumwambia hata Damien.

Basi saa kumi kasorobo ile ya Jumamosi, mbele ya ukungu na mashine inayofuka moshi, Constance alishika kalamu akaandika mwito wa themanini na nane: Kibua Moja, nguvu tisa. Wenzake walidhani mzee bado yuko hai huko msituni. Nani angekataa? Na Papa Symphorien alimpenda kama mtoto wake, asingemnyima hiki kidogo. Saa kumi akatangaza pointi zake kwa ile sauti nzuri, Élie akampongeza, na Papa Ngabo akafurahi kuliko wote. "Kumbe muzee wa Kibua angali anaongea!" alisema. "Mungu asifiwe."

Jumapili alasiri, muda mrefu baada ya misa, harufu ilikuwa imefika hadi kitandani. Constance akaitoa kaye, akafungua kitenge, akatafuta ukurasa wa mwisho.

Mwito wa mwisho wa mzee ulikuwa wa mwezi uliopita. Chini yake palikuwa na mistari ambayo haikuwepo Mama Geneviève alipomkabidhi. Mwandiko ulikuwa uleule wa mzee, wenye saba zilizokatwa katikati. Jumamosi, saa kumi kasorobo, Burungu Mbili, namba themanini na nane, nguvu 9. Jumapili, saa kumi kasorobo, Burungu Mbili, nguvu 7. Jumatatu, 5. Jumanne, 3. Jumatano, 1. Alhamisi, saa ileile, jina lilelile, na mahali pa nguvu paliachwa wazi. Pembeni, kwenye safu ya "nimepokea", upande wa Kibua ulikuwa umejazwa mistari yote. Upande wa Burungu haukuwa na kitu.

Hakupiga kelele. Alikwenda sebuleni akachomoa nyaya mbili za batri, akaibeba batri ile nzito mwenyewe hadi jikoni, akairudia mashine na kuifunika kwa shuka. Kisha akakaa kwenye kiti akiitazama, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tano kufika saa ile ya kwenye kaye.

Saa kumi kasorobo shuka likatikisika kidogo, pale mbele ya spika. Mtu alikohoa mara mbili.

"Burungu Mbili, Burungu Mbili. Huku Kibua Moja. Nakusikia nguvu saba. Nimepokea. Jibu."

Ilikuwa sauti ya mzee na haikuwa yake. Maneno yalikuwa yake, kikohozi kilikuwa chake, lakini kati ya neno na neno hapakuwa na pumzi. Constance alijua pumzi ya watu kwenye mikro, kile kipaza sauti cha mkononi; ni kazi yake. Kitu hiki kilikohoa kama mzee bila kuvuta hewa hata mara moja.

"Jibu," ikarudia, taratibu. Kisha ikanyamaza, na harufu ya moshi mbichi ikajaa chumba kizima.

Jioni, mezani, alimwomba Damien chumvi. Damien akaendelea kula. Akaomba tena.

"Eh? Ulisema nini, Mama Umwali?" Damien aliuliza. "Koo inakuuma? Uko nasema chini chini."

Constance alikuwa amesema kwa sauti yake ya kila siku.

Jumatatu asubuhi aliirudisha batri, akaita Kitshanga kama kawaida. "Burungu, leo uko mbali sana," Papa Ngabo akasema. "Ni batri ao ni antena?" Mchana akaitupa kaye kwenye jiko. Moto ukafa. Akaongeza kuni kavu na mafuta ya taa, na moto ukafa tena ukitoa moshi ule wa kuni mbichi, na kaye ikabaki pale kwenye majivu ikiwa imelowa, kurasa zake baridi kama mgongo wa samaki. Saa kumi kasorobo kitu kilikohoa. Nguvu tano.

Jumanne Umwali alikuwa anacheza mpakani mwa shamba, karibu na mto uliojaa. Constance akamwita kutoka mlangoni. Akaita mara nne, kwa nguvu zote za kifua, na mtoto akaendelea kuukaribia ule mto huku akiimba. Ilibidi akimbie. Alipomshika mkono, Umwali akamtazama kwa mshangao.

"Mama, ju ya nini ulikuwa nafungua kinywa tu?"

Ndipo Constance alipoogopa kweli. Alimkumbatia mtoto pale pale kwenye matope, akalia, na kilio chenyewe hakikusikika. Alimwambia Damien yote usiku ule, mdomo ukiwa sikioni mwake, kuanzia Mama Geneviève hadi ule mstari wa uongo. Damien hakumgombeza. Akawasha taa, akasema, "Andikia Papa Ngabo. Sasa hivi. Kila kitu."

Barua iliondoka alfajiri na pikipiki ya kwenda sokoni Kitshanga. Jumatano mchana kikundi cha maombi cha parokia kilikuja kikaimba, kikaweka mikono juu ya mashine, kikakemea, na wakati bado wanakemea, saa kumi kasorobo, shuka likatikisika mbele yao wote na spika ikakohoa. Waliondoka bila hata kumaliza Baba Yetu. Nguvu moja.

Jibu la Papa Ngabo lilifika jioni, limeandikwa nyuma ya karatasi ya sheria za mashindano.

"Constance, binti yangu. Ile iko naongea haiko Symphorien. Jina ya mufu kama haifungwe, iko sawa nyumba yenye haina mwenyewe; kitu ya pori inaingia. Weye njo ulifungua mulango, juu uliandika nusu ya mwito. Ile jini iko natafuta nusu ingine. USIJIBU. Hata ikuombe nini, usiseme nimepokea. Kesho saa tisa vituo vyote vitakuwa hewani. Utasema kosa yako na kinywa yako mwenyewe, hakuna muntu atakusemea, ni sheria ya mutu mumoja mashine moja. Vituo vitatu vikikusikia, ninafuta mustari, ninafunga jina, imeisha. Saa kumi kasorobo ikipita bila weye kujibu, sauti itakurudilia. Ngabo."

Zawadi ilikuwa ya Élie sasa, hilo halikuandikwa lakini Constance alilielewa, na kusema kweli hakuiwaza tena hata kidogo. Aliwaza kumwita Umwali na mtoto ageuke.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu mchana. Saa tisa Damien alishika mwavuli chini ya tundu la paa la kupitishia waya wa antena ili mashine isilowe, na Constance akaondoa shuka, akasikia vituo vikijitaja kimoja baada ya kingine, Masisi, Kitshanga, Mweso, Nyabiondo, sauti za watu aliowazoea, sauti zenye pumzi. Karibu alie kwa kuzisikia tu.

"Burungu Mbili," Papa Ngabo akaita. "Tunakusikiliza. Sema, binti yangu."

Constance akabonyeza kitufe cha mikro. Akasema. Alisema jina lake, na jina la mzee, na wiki tatu za kunyamaza, na mwito wa themanini na nane aliouandika bila kusikia kitu. Damien, aliyekuwa amesimama hatua moja tu, hakusikia isipokuwa midomo ikigusana.

"Burungu Mbili, kuna kitu kidogo nasikia," akasema Élie wa Masisi baada ya muda, na safari hii hakucheka. "Kidogo sana. Rudilia, dada. Tuko na weye. Nimepata jina ya muzee tu... rudilia."

"Nyabiondo naye amepata kidogo," ikasema sauti nyingine. "Endelea, dada. Pole pole."

Viwili. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Constance akavuta pumzi ili arudie kwa mara ya mwisho, na Mweso ilikuwa tayari inasema "minajaribu kukusikia", ndipo mlango ulipofunguka na Adelaïde akaingia, nguo zake za kazi zimeloa mvua, na mikono yake miwili imeloa damu.

"Ni Nyiraneza," alisema. "Mutoto ametoka, lakini damu haikate. Nimefanya yote. Nahitaji gari, Constance. Saa moja tu njo iko nayo, haizidi, na gari inakula dakika hamsini. Ita Kitshanga."

Damien hakungoja. Alinyakua mikro mkononi mwa mke wake akapiga kelele mwenyewe, "Kitshanga, Kitshanga, huku Burungu Mbili, gari, haraka, mama anakufa!" Sindano ya mashine ikaruka kama inavyotakiwa. Upande wa pili Papa Ngabo akasema kwa upole, "Burungu Mbili, Burungu Mbili, hatukusikie tena hata kidogo. Tunangoja. Jikaze, binti yangu." Damien akarudia mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Aliita Masisi, akajitaja kwa jina lake la ubatizo, na kila alipoachia kitufe alikuta wale watu wema wakimngoja Constance kwa uvumilivu mkubwa, wakisema wapo, wakisema wanaomba, bila yeyote kati yao kusikia neno: mtu mmoja, mashine moja.

Kisha sauti zao zikafifia zote kwa pamoja, kama mtu amefunga dirisha, na chumba kikanuka moshi.

Kikohozi, mara mbili.

"Burungu Mbili. Huku Kibua Moja. Kitshanga wananisikia vizuri. Nipe ujumbe wako, nitaufikisha. Gari litatoka sasa hivi. Jibu tu."

Adelaïde alijivuta ukutani akafanya ishara ya msalaba, na alama ya damu ikabaki kwenye paji la uso wake. Saa ya ukutani ilibakiza dakika ishirini kufika kasorobo. Dakika ishirini za kukaa kimya tu, za kufumba kinywa ambacho tayari hakikuwa na kitu ndani yake, na baada ya hapo angemwita Umwali na Umwali angegeuka, angeimba Pasaka, angemuuliza Damien kama amefika na Damien angejibu. Na chini ya kilima, mita mia mbili tu, kwenye kitanda cha chuma alichokifahamu kwa sababu yeye mwenyewe alimzalia Umwali juu yake, mwanamke wa miaka kumi na tisa alikuwa anamwagika kwenye ndoo.

"Mama Umwali, hapana," Damien alinong'ona. Alikuwa ameshamwona anavyoiangalia ile mikro. "Nitakimbia mimi. Nitakimbia na miguu."

"Kwa miguu ni saa tatu," Adelaïde akasema, akilia. "Barabara iko matope. Lakini simuombe kitu, Papa Umwali. Mi simuombe kitu."

Constance akaichukua mikro kutoka mkononi mwa mume wake. Vidole vya Damien vilikataa kwanza, kisha vikaachia. Akambusu Damien kwenye shavu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya watu, akabonyeza kitufe, na safari hii sauti ikatoka. Ilitoka nzima, ile ya zamani, ya kusikika Walikale, ikajaza sebule mpaka mwavuli ukatetemeka mkononi mwa Damien.

"Kibua Moja, huku Burungu Mbili. Gari la wagonjwa, haraka. Mama anavuja damu kituo cha afya Burungu. Nakusikia nguvu tisa." Akamtazama Damien. "Nimepokea."

Ilikuwa mara ya mwisho watu wa nyumba ile kumsikia akisema neno.

Gari lilifika kabla ya saa moja kuisha. Nyiraneza aliwekewa damu Kitshanga, akaishi, na mtoto wake akaishi, na huyo mtoto ana jina la Constance, usiniulize kama hilo linatosha. Dereva alipoulizwa nani alimtuma, alishangaa. Mama Constance mwenyewe, alisema. Watu wote pale Kitshanga walimsikia, nguvu tisa, kama ameketi kwenye kiti cha karibu. Papa Ngabo ndiye pekee aliyekuwa ameinama na kushika kichwa, kwa sababu alitazama sindano ya kuonyesha upande, na wimbi halikutoka Burungu. Lilitoka Walikale, msituni.

Alijaribu kulifunga jina siku iliyofuata. Aliita Kibua Moja mara tatu, kama desturi, na sharti ni marehemu asiitike. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ikaitika, changamfu, ya kupendeza, "Bonjour Kitshanga." Vituo vyote vikazimwa. Mwito wa themanini na nane, ule wa uongo, sasa ulikuwa kamili pande zote mbili, na hakukuwa na sheria ya kuufuta.

Wiki zikapita. Constance alizoea, kadiri mtu anavyoweza kuzoea. Alipiga makofi kumwita Umwali, na Umwali akajifunza kugeuka. Akaandika kwenye vipande vya karatasi. Akalima zaidi kuliko zamani, kwa kuwa shambani hakuna anayengoja uongee. Kaye ya mzee ilikuwa imekauka yenyewe na kuacha kunuka, akaiweka ndani ya boksi moja na mashine, ambayo parokia ilisema itakuja kuichukua Jumatatu. Batri ilikuwa imeshaondoka.

Aliyeshindwa kuzoea ni Damien. Akitoka shambani alisimama kidogo uani, kabla ya kuingia, kwa yale mazoea ya miaka tisa, akingoja kuulizwa kama amefika. Constance alimwona akifanya hivyo kila siku kupitia dirishani na moyo ulimuuma kuliko jambo lolote. Alimwandikia, "Umefika?" kwenye karatasi na kuigundisha mlangoni. Damien aliisoma, akacheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka giza.

Jumamosi, siku mbili kabla ya parokia kuja, mvua iliwakuta shambani wakivuna maharage. Damien akatangulia nyumbani kufungia mbuzi. Constance akabaki kumalizia mstari mmoja, akajitwika kikapu, akapanda kilima huku maji yakimwingia machoni. Alipofika uani mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kishindo, lakini chini ya kishindo hicho alisikia mwanamke akiongea ndani ya nyumba yake, kwa upole, bila haraka, sauti anayoijua kuliko nyingine zote duniani kwa sababu ilikuwa imekaa kifuani mwake miaka thelathini na moja.

"Papa Umwali," ilisema. "Papa Umwali, umefika? Uko unanisikia?"

Akasogea dirishani. Boksi lilikuwa wazi. Mashine ilikuwa mezani bila batri, bila waya, kaye imefunguliwa kando yake, na kwenye ukurasa, chini ya mistari ya Burungu Mbili, mwandiko wa mzee ulikuwa umeanza mstari mpya. Damien alikuwa ameketi mbele yake, amelowa, mikro mkononi, na machozi yanamtoka, na anatabasamu kama yule kijana wa Kitshanga aliyekuwa anasubiri mvua iishe.

"Umefika, Papa Umwali? Jibu basi."

Constance akaangusha kikapu, maharage yakamwagika matopeni, na akampigia kelele mume wake. Akafungua kinywa mpaka taya likauma akapiga kelele kwa mapafu yote, kwa tumbo lote, jina lake na "usijibu", "usijibu", mikono yake miwili ikigonga kioo, na mvua ikagonga mabati juu yake kwa nguvu kuliko mikono yake. Damien akageuza kichwa. Alimwona pale dirishani, akamtazama mke wake kwa upendo mwingi, akainua kidole kumwomba angoje kidogo, kwamba kuna mtu hewani.

Kisha akabonyeza kitufe.